Kutoka Texas hadi Rumonge: njia, maji na choo

Mwambao wa Burundi hauna bustani kubwa za michezo kama zile za Florida au Dubai. Una Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, na pembeni mwa maji hayo watu wa Bujumbura na Rumonge wameweka starehe zao zote: kuogelea, mpira wa mchangani, samaki aina ya mukeke wa kuchoma, muziki, na watoto wanaoruka majini kutoka ubavuni mwa mitumbwi. Anayetaka kujua kama starehe hiyo ni ya kila mtu, aifuate na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Mimi niliifuata na shangazi.

Shangazi ni mzaliwa wa Rumonge. Alitoka huko mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake, mauaji yalipoenea kusini mwa nchi, akakulia upande wetu wa Kigoma na baadaye kambini. Polio ilimpata utotoni. Marekani ilipoanza kuwapokea wakimbizi wa 1972 kutoka kambi za Tanzania mwaka 2007 na kuendelea, naye alipata nafasi, akahamia Texas. Baba yangu, kaka yake, alibaki Kigoma. Safari hii shangazi alikuja na mjukuu wake wa kike, binti wa miaka kumi aliyezaliwa Texas, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa bembea ziko wapi.

"Bembea baadaye," bibi yake akamjibu. Kisha akanigeukia: "Wewe andika, baba. Kila tutakapofika, andika mambo matatu. Nimefikaje, nimeingiaje majini, na nimejisaidia wapi. Mengine ni mapambo." Ndiyo maana daftari hili lina safu tatu.

Njia

Tulianzia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na kwa mwenye kiti hakuna pa kuanzia pazuri zaidi. Buyenzi ni mtaa wa gereji na wachomeleaji. Tairi la nyuma lilipoishiwa upepo, fundi baiskeli alilivua, akaliziba na kulirudisha huku anapiga soga. Gurudumu la mbele lilimshinda. Lile ni dogo, la mpira mgumu, limetengenezwa kwa ajili ya sakafu za maduka ya Texas, na spea yake haipatikani.

Usafiri wa jiji una masharti yake. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura, na asiyeweza kutembea hatua mia mbili kutoka mpaka wa marufuku hana budi kutafuta gari. Gari nalo linategemea mafuta, ambayo miaka ya karibuni yamekuwa ya kuwindwa. Jumamosi asubuhi ni saa za kazi za jamii na usafiri husimama, kwa hiyo mwenye haraka apange siku nyingine.

Tulikodi Probox. Wenye hoteli wangetaka mgeni wa aina yetu apande gari refu la watalii, lakini shangazi alilikataa mara tu alipoliona. Kiti cha Probox kiko karibu usawa mmoja na kiti chake. Anaegemea mikono, anajisogeza, amekwishaingia. Gari refu lingemlazimu abebwe kila kituo. Hiace za abiria nazo zina ngazi mlangoni na nafasi ya kukunja magoti tu. Kwenye safu ya njia niliandika: gari la bei nafuu limelishinda la bei ghali.

Barabara ya Taifa namba 3 inashuka kusini, milima kushoto na ziwa kulia, na kuanzia Gitaza milima inasogea hadi karibu inagusa maji. Hapo ndipo maporomoko ya udongo ya Machi 2015 yalipoua watu na kukata njia. Kipande cha kilomita 45 kati ya Gitaza na Rumonge kiliwekwa katika mradi uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kwa abiria wa kawaida barabara ni suala la kuwahi. Kwa shangazi, kila shimo linapanda mgongoni, kwa sababu miguu yake haimsaidii kujizuia. Dereva alipolielewa hilo alipunguza mwendo bila kuombwa tena.

Kabla ya Gitaza tulipinda kwenda Mugere, kwenye jiwe la Livingstone na Stanley. Wazungu hao wawili walikutana Ujiji, kwetu, mwaka 1871, na mwezi Novemba mwaka huohuo wakapanda kaskazini kwa mtumbwi kuchunguza kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia, na ndoto ya kwamba hapo ndipo chanzo cha Naili ikaishia hapo. Jiwe liko kwenye mwinuko unaotazama ziwa, limechorwa majina yao na tarehe, 25 Novemba 1871. Gari lilitusogeza karibu. Kilichobaki kilikuwa udongo na mawe. Ujiji ni mji wa tambarare na kumbukumbu yake inafikika kwa urahisi zaidi, lakini haina mandhari hii. Shangazi aliliangalia jiwe kutoka mbali kidogo, akasema linatosha. Mjukuu alipanda, akapiga picha ya maandishi, akamletea bibi yake aisome.

Maji

Mchanga wa upande wa Resha, kabla hujafika Rumonge, ni mzuri kwa macho na mbaya kwa magurudumu. Kiti cha hospitali au cha mjini kina magurudumu mawili makubwa nyuma na mawili madogo mbele. Uzito ukiegemea mbele, yale madogo yanajichimbia. Dawa yake ni kukigeuza kiti, kukiinamisha kidogo na kukivuta kinyumenyume, makubwa yakitangulia. Inafaa kwa mita chache. Kutoka maegesho ya hoteli tuliyofikia hadi ukingo wa maji zilikuwa nyingi kuliko chache, na katikati palikuwa na ngazi tatu za saruji.

Hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo mwambao huu unalo kwa wingi. Kabla sijamaliza kutafuta wa kumuomba, vijana wanne walikuwa wameshafika, mmoja ameshashika mkono wa kiti, mwingine gurudumu. Shangazi akapaza sauti: "Subirini, wanangu. Mkono huo unachomoka, na gurudumu linazunguka. Shikeni chuma hiki cha chini, wawili nyuma, wawili mbele, na mmoja ahesabu." Walihesabu kwa Kirundi, wakamnyanyua, wakamtua majini akiwa amekaa, maji yakimfika kifuani. Hawakutaka fedha. Walitaka kujua Texas iko wapi.

Nikaanza kulinganisha. Pwani ya Dar es Salaam nako, Kunduchi, kuna bustani ya michezo ya maji ambayo watoto wa Tanzania nzima wanaijua kwa jina. Mitelezo ya maji, mahali pengi duniani, huanzia juu ya mnara, na juu ya mnara hufikiwa kwa ngazi. Mvuto wa ardhi ndio mashine yake. Mtu asiyepanda ngazi hubaki kwenye bwawa la chini akiwalindia wenzake viatu. Ziwa halina mnara. Likishafikiwa, anayeogelea kwa mikono na anayeogelea kwa miguu wako sawa, na shangazi, ambaye mabega yake yamesukuma kiti maisha yake yote, alimwacha mjukuu nyuma katika mashindano ya kuogelea.

Ziwa lina faida nyingine ambazo watu wa pwani hawana. Maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, kwa hiyo bearingi za kiti hazishiki kutu upesi. Ukienda nacho Kunduchi au Nyali lazima ukioshe kwa maji ya bomba siku hiyohiyo. Tena ziwa halijui kupwa na kujaa kwa bahari. Pale Forodhani, Zanzibar, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009 ina sakafu pana ambayo kiti kinapita kwa raha jioni nzima, kati ya mishikaki na miwa, lakini vijana wanapojirusha baharini kutoka ukutani, mwenye kiti ni mtazamaji tu, na bahari ikipwa hata wao hungoja. Ziwani, ukingo wa asubuhi ndio ukingo wa jioni.

Kupanda na kushuka kwake ni kwa miaka. Ziwa Tanganyika limekuwa likipanda kwa misimu kadhaa. Mwaka 2024 lilimeza fukwe, likaingia kwenye nyumba za Gatumba, Bujumbura na Rumonge, na migahawa kadhaa ikabaki na nguzo zilizosimama majini. Atakayejenga njia ya saruji hadi kwenye maji huenda akaikuta chini ya maji. Inayohitajika hapa ni njia ya vipande vya mbao inayoweza kusogezwa, na hiyo haimshindi fundi yeyote anayetengeneza mitumbwi.

Tulikwenda pia kuangalia mtumbwi wa kutembeza wageni. Shangazi akacheka, akatusimulia kuhusu Disney. Tangu mwaka 1955 bustani ya kwanza ya Disney, California, ina safari ya mashua inayoigiza mito ya mabara kadhaa, Afrika ikiwemo, na ndani yake kuna viboko wa mitambo wanaochomoza vichwa. Kwenye bustani ya Florida, baadhi ya mashua za mchezo huohuo zina lifti ya kiti cha magurudumu. "Huko viboko ni wa uongo na lifti ni ya kweli," alisema. Kwetu viboko ni wa kweli, jioni hutoka kula majani hadi kwenye fukwe za Bujumbura na wameshaua watu. Lifti ndiyo haipo. Ili uingie kwenye mtumbwi unabebwa begani, na aliyekubeba amesimama ndani ya maji juu ya mawe yanayoteleza. Shangazi hakupanda, na sikumbembeleza.

Choo

Safu hii ni fupi na ndiyo iliyoamua mengi. Kiti cha shangazi kina upana wa sentimita 63. Milango ya vyoo tuliyoikuta, kwenye hoteli na migahawa ya ufukweni, mingi ilikuwa myembamba kuliko hapo, na ile michache iliyopitika ilifunguka kwa ndani, ikala nafasi ya kugeukia. Penye mlango mpana palikuwa na tundu la kuchuchumaa. Kwa hiyo shangazi hakunywa soda wala chai tangu asubuhi mpaka tulipofika penye chumba kinachofaa. Watu wengi wanaotumia kiti hufanya hivyo wanaposafiri, na kwenye joto la ziwani ni njia ya haraka ya kuugua. Mwenye mgahawa anayejiuliza kwa nini mgeni wake hakuagiza kinywaji aangalie mlango wa choo chake.

Rumonge mjini

Rumonge unayanusa mawese kabla hujauona mji. Michikichi imepanda hadi milimani, na sokoni mafuta yamepangwa kwenye madumu ya manjano pamoja na sabuni za mawese. Kiswahili kinasikika kila kona, adhana nayo inasikika, na shangazi alijibu salamu za watu ambao babu zao huenda walimjua babu yake. Hakutaka tukitafute kiwanja cha ukoo. Migogoro ya ardhi kati ya waliokimbia mwaka 1972 na waliokuja kuyakalia mashamba yao ni habari ndefu ya mji huu, na yeye alisema amekuja kuogelea.

Mwaloni asubuhi wanawake walikuwa wakianika ndagala, yaani dagaa, na mukeke, ambao sisi Kigoma tunawaita migebuka, walikuwa wameshapigiwa bei kutoka kwenye mitumbwi iliyovua usiku kwa taa. Ardhi ya mwaloni ni mchanga, magamba na kamba za nyavu. Hatukuingia ndani.

Pembeni, kwenye lami, tulimkuta mzee mmoja juu ya baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Nyuma amefunga sanduku la bidhaa: vocha, sigara, betri. Yeye na shangazi wakasalimiana kama watu wa kazi moja, na papo hapo wakaanza kukaguliana vyombo. Mzee alikinyanyua kiti cha Texas, kikiwa kitupu, kwa mkono mmoja, akastaajabia wepesi wake. Akalibonyeza gurudumu dogo la mbele, akatikisa kichwa. Shangazi akauliza mnyororo wake unabadilishwa kila baada ya muda gani. Mzee akajibu kwamba kila kilichomo humo ni cha baiskeli, na fundi wa baiskeli yuko kila njia panda. Akaongeza kwamba lami anaiweza mpaka Kigwena, mchanga hauwezi, na majini ameacha kwenda tangu wanawe wahamie mbali, maana hakuna wa kumbeba.

Maneno hayo niliyapigia mstari. Mzee anaishi mwendo wa dakika chache kutoka kwenye mojawapo ya maziwa mazuri kuliko yote duniani, na anaogea ndoo.

Chombo chake pia kina la kutufundisha. Mhandisi wa Marekani Ralf Hotchkiss, ambaye naye anatumia kiti, alisanifu kiti cha RoughRider kwa wazo kama la mzee: magurudumu ya mbele yawe mapana na yatangulie mbali, matairi ya nyuma yawe ya baiskeli ya kawaida. Kwetu Afrika Mashariki, chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, inafundisha mafundi wa viti, na Gitega kuna kituo cha taifa cha Burundi cha viungo bandia na mazoezi ya viungo. Ujuzi haukosekani katika ukanda huu. Haujashuka ufukweni tu.

San Antonio

Tulipokuwa tukila ugali wa muhogo na mukeke, mjukuu alieleza bustani anayoipenda kuliko Disney. Iko San Antonio, mji wa jimbo lao, inaitwa Morgan's Wonderland, na ilifunguliwa mwaka 2010. Aliyeijenga, Gordon Hartman, alimwona binti yake Morgan, mwenye ulemavu, akitaka kucheza na watoto kwenye bwawa la hoteli, nao wakaondoka. Akanunua eneo lililokuwa machimbo ya mawe, akajenga bustani ambamo bembea inapokea kiti kizima na mwenye kiti chake, na farasi wa kuzunguka wana nafasi ya kiti inayopanda na kushuka pamoja nao. Mwenye ulemavu haingii kwa tiketi, anaingia bure. Mwaka 2017 wakaongeza bustani ya maji, na mgeni anapewa kiti kinachoendeshwa kwa upepo uliobanwa, bila betri inayoogopa maji.

"Na vyoo?" nikauliza.

"Vikubwa kuliko chumba changu," mtoto akasema.

Nikamuuliza shangazi ni wapi alipofurahi zaidi. Alifikiri. Kule, akasema, hamwombi mtu kitu. Anaingia na kutoka kama mtu mwingine yeyote, na hakuna anayemkumbuka. Huku aliwaomba watu kila hatua, na kila aliyemwomba sasa anamjua jina. "Lakini baba, ukarimu una ratiba. Vijana wale wakienda kazini, mimi nimebaki juu ya ngazi. Mbao hazina ratiba."

Nilichokiona

Nikizisoma safu tatu kutoka juu hadi chini, Texas imeshinda kwa njia na choo, na Tanganyika imeshinda kwa maji. Dar es Salaam na Zanzibar ziko katikati: sakafu nzuri, kisha ngazi. Na ushindi wa Texas si wa fedha peke yake. Huko Ufaransa, fukwe nyingi za umma zina viti vya kuelea vinavyoitwa Tiralo, vya mabomba na maboya, vinavyosukumwa na mtu mmoja. Ugiriki wanatumia reli fupi inayoendeshwa kwa jua kumshusha mtu majini na kumrudisha. Hizo ni fukwe, si bustani za mabilioni.

Wala sheria si kisingizio. Burundi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2014, na kifungu chake cha 30 kinataja wazi burudani, mapumziko na michezo. Januari 2018 ikatunga sheria yake yenyewe. Tanzania ina sheria yake tangu mwaka 2010.

Kwa hiyo haya ni maombi kwa wenye hoteli na migahawa kuanzia Bujumbura hadi Nyanza-Lac. Mlango mmoja wa choo wenye upana wa sentimita 90, unaofunguka kwa nje, na bakuli la kukalia lenye vyuma vya kushikia. Mteremko kando ya ngazi, ambao kila sentimita 1 ya kupanda unaipa sentimita 12 za urefu. Ngazi zenye kimo cha sentimita 40 zinahitaji mteremko wa mita 4.8, usiwe mfupi zaidi, maana mteremko mkali ni mtego. Vipande vya mbao vya kutandika mchangani, vya kusogezwa ziwa linaposogea. Na kiti kimoja cha matairi mapana, ambacho mchomeleaji wa Buyenzi anaweza kukitengeneza akionyeshwa picha.

Kwa mnaokuja na ndugu zenu: bebeni pampu na viraka, kodini gari fupi, ulizeni choo kabla ya bei ya chumba, na waulizeni wenyeji viboko walipo kabla ya kuingia majini. Kwa vijana wa Rumonge wenye mikono mizuri: ulizeni kwanza, mshike chuma, si gurudumu. Endeleeni kunyanyua watu hadi mbao zitakapofika, na mkimaliza na wageni, mpitieni na yule mzee wa baiskeli ya mikono.